Mang'u haikuzaliwa Mang'u

Mhariri,

Shule kongwe za Kikatoliki zinapoandaa jubilei, ubishi juu ya mwaka wa kuanzishwa huwa haukosi. Chukua Mang'u, sekondari ya wavulana nchini Kenya. Huyu atakwambia 1925, yule 1940, na wapo wanaoshikilia 1972. Miaka yote mitatu ni ya kweli, ila kila mmoja unajibu swali lake.

Mwaka 1925 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, Padre Michael Witte akiwa mbele, walianzisha shule Kabaa, Ukambani, mwaka mmoja kabla ya Waprotestanti kufungua shule ya Alliance kule Kikuyu. Roma nayo ilikuwa ikihimiza: mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, aliwaambia wamisionari jijini Dar es Salaam kwamba wakishindwa kubeba yote mawili, afadhali kanisa lingoje, shule ikamilike. Mwaka 1940 shule ikahamia Mang'u, na ndipo aliposoma Mwai Kibaki. Tom Mboya alipita hapo pia, akakatizwa na karo. Mwaka 1972 ni wa kuhamia uwanja wa sasa karibu na Thika, basi. Kabaa ingali na shule yake, kwa hiyo 1925 ina wenyewe wawili.

Anayeandika historia ya shule ya namna hii atenge tarehe nne: misheni kufunguliwa, darasa la kwanza kabisa, kidato cha kwanza, na usajili. Shule nyingi zilianza kwa kufundisha katekisimu na kusoma tu. Ukichukua tarehe ya misheni, umeizeesha sekondari bure. Jiwe la msingi nalo hudanganya, maana huonyesha umri wa jengo. Wazee wanakumbuka vizuri bweni lipi lilitangulia lipi. Mwaka wenyewe uoanishe na njaa au vita wanavyovitaja.

Majina ndiyo yenye kazi. Daftari la shule laweza kuwa na jina la ubatizo tu, na akina Yohana ni wengi. Linganisha na kitabu cha ubatizo cha parokia, chenye jina la baba. Kumbuka pia Sheria ya Elimu ya 1968, iliyoziweka shule chini ya serikali na kuliacha kanisa likiwa mfadhili tu: karatasi za kabla ya hapo zitafute kwanza kwenye jimbo la kanisa au kwa shirika la mapadre, za baadaye shuleni na wizarani.

Fundi wa bamba la jubilei aitwe baada ya hayo.

Msomaji,
Thika