Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Ufuatiliaji wa Afya za Wapiga Dawa

Ndugu wanachama, ndugu wajumbe wa Kamati ya Utendaji, na wageni wetu waalikwa,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2025. Masuala ya fedha atayasoma mhazini, na orodha ya wanachama wapya iko mezani kwa katibu. Mimi nitajikita katika jambo lililotawala vikao vyetu mwaka mzima, yaani ufuatiliaji wa afya za wenzetu wanaofanya kazi na viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na magonjwa ya mimea, katika mashamba ya maua na bustani za mboga huku kwetu chini ya Mlima Meru.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi anapimwa afya kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda akiwa kazini. Wengi wenu mmepimwa: uzito, shinikizo la damu, macho, kifua, kisha cheti. Hatuvibezi vipimo hivyo, lakini havimjibu mpiga dawa swali lake, nalo ni kiasi gani cha sumu kimemwingia tangu msimu uanze.

Kwa viuatilifu vya kundi la oganofosfeti, kama profenofosi na klopirifosi, na vile vya kundi la kabameti, jibu hupatikana kwenye damu. Dawa hizi huzuia kimeng'enya kiitwacho kolinestirasi, ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva mara unapokwisha kufika kwenye msuli au tezi. Kimeng'enya kikizuiwa, ujumbe hauzimiki: mate na jasho humtoka mtu ovyo, mboni za macho husinyaa, kifua hubana, misuli hucheza yenyewe. Kabla hali haijafika huko, kiwango cha kimeng'enya kwenye damu huwa kimeshashuka, na kushuka huko ndiko tunakotaka kukuona mapema.

Hapa ndipo Kamati ilipojadiliana kwa muda mrefu kuliko suala lingine lolote. Lilikuwapo pendekezo, lililotolewa kwa nia njema, kwamba fedha kidogo tulizonazo zitumike kuwapima wanachama wote mara moja tu. Kamati ililikataa, nami niliunga mkono uamuzi huo, kwa sababu viwango vya kawaida vya kolinestirasi hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Mwenzetu ambaye kwa asili ana kiwango cha juu anaweza kupoteza theluthi nzima na bado majibu yake yakasomeka kuwa ya kawaida. Mtu hulinganishwa na nafsi yake, na ulinganisho huo unahitaji kipimo cha mwanzo kilichochukuliwa akiwa hajagusa dawa hizo kwa siku zisizopungua 30. Jimbo la California nchini Marekani, lililoanza utaratibu huu mwaka 1974, na jimbo la Washington, lililouanza mwaka 2004, yote yamejengwa juu ya msingi huo. Kiwango cha mtu kikishuka kwa zaidi ya asilimia 20 kutoka kile chake cha mwanzo, namna kazi inavyofanyika huchunguzwa. Kikishuka kwa asilimia 30 kwenye chembe nyekundu za damu, au asilimia 40 kwenye plazma, yaani majimaji ya damu, mtu huyo huondolewa kwenye kazi ya dawa hadi kiwango chake kitakapopanda tena na kufikia angalau asilimia 80 ya kile cha mwanzo.

Kwenye bustani za mboga siku hizo 30 hupatikana kati ya msimu na msimu. Kwenye maua ni vigumu, maana dawa hupigwa mwaka mzima. Tumewaomba waajiri watumie likizo ya mwaka ya siku 28 iliyomo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, waongeze siku chache za kazi nyingine mtu anaporudi, ndipo achukuliwe damu. Ombi hili lina maana tu ikiwa likizo ni likizo kweli. Sote tunajua kwamba baadhi yetu tukienda nyumbani tunavaa bomba mgongoni na kupiga nyanya zetu wenyewe, bila glavu, dawa ikipimwa kwa kizibo cha chupa. Anayefanya hivyo atapata kipimo cha mwanzo kilichokwisha kushuka, na kushuka kwa baadaye hakutaonekana.

Siku ya kupima nayo ina uzito wake. Kabameti huachia kimeng'enya ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili, ilhali chembe nyekundu zilizoathiriwa na oganofosfeti huchukua wiki nyingi, hata miezi, kurudi zilivyokuwa. Shamba moja, ambalo sitalitaja, liliwapima wapiga dawa wake Jumatatu asubuhi baada ya mapumziko ya Jumapili, likatangaza kwamba wote ni salama. Kwa dawa za kabameti, majibu ya siku hiyo hayakuweza kuonyesha mengi. Tumeshauri upimaji ufanyike mwishoni mwa wiki ya kazi, katika maabara ileile na kwa njia ileile kila mara. Pale damu inapotolewa kwa kuchoma kidole, mkono uoshwe kwanza kwa sabuni na maji mengi, kwa kuwa masalia ya dawa kwenye ngozi huweza kuharibu sampuli.

Hatubahatishi tunaposema tatizo lipo katika ukanda wetu. Utafiti wa Grace Ohayo-Mitoko na wenzake nchini Kenya, uliochapishwa miaka ya 1990 na kufuatiwa na mwingine mwaka 2000, uliwapima wafanyakazi wa mashamba, wakiwemo wa Naivasha, na kukuta kolinestirasi ya waliokuwa wakikutana na dawa imeshuka kwa wastani wa takribani theluthi moja.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini taarifa hii haina jedwali la matokeo kwa kila shamba. Vikundi vyetu ni vidogo, na idadi yoyote nitakayoitaja itamfanya msikilizaji amjue mhusika kabla sijafika mwisho wa sentensi. Majibu ni mali ya aliyepimwa, na mwajiri anastahili kuambiwa jambo moja tu: huyu anafaa kuendelea na dawa, au ahamishiwe kazi nyingine kwa muda. Ahamishwe kwa mshahara uleule. Mpiga dawa akijua kwamba majibu mabaya yatampunguzia kipato, atatafuta kila njia ya kukwepa sindano, na sitamlaumu.

Upimaji huu una upofu wake, nao ni lazima usemwe. Hauoni mankozebu, ambayo huenda ndiyo tunayoipiga mara nyingi zaidi wakati wa ukungu, wala hauoni dawa za wadudu za kundi la pairetroidi. Kwa hiyo majibu mazuri ya kolinestirasi yasichukuliwe kuwa ruhusa ya kuendelea na bomba linalovuja hadi shati linaloa mgongoni, kwani ngozi ndiyo njia kuu ya sumu kuingia kwa mpiga dawa. Aidha, utaratibu wa sasa unamhesabu anayeshika bomba peke yake. Akina mama wanaovuna maua kabla muda wa kurudi kitaluni baada ya dawa kupigwa haujatimia, pamoja na wale wanaofua ovaroli nyumbani, hawamo kwenye orodha ya mwajiri yeyote tuliyezungumza naye. Vibarua vilevile: leo wapo, kesho wameondoka, na kumbukumbu zao hazipo.

Kwa upande wa tiba, tumekaa na wahudumu wa zahanati kuwaomba wamuulize mgonjwa kazi yake kabla ya kuandika malaria, kwa kuwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu ni dalili za malaria na za sumu ya dawa vilevile. Nasi tuache kutegemea maziwa, ambayo hayatoi sumu iliyopita kwenye ngozi. Vueni nguo, ogeni kwa sabuni, mkimbizeni mgonjwa hospitali yenye atropini, dawa ya kutibu sumu hizi, na mwende na chupa au lebo ya dawa.

Mwezi Mei mwaka 2025, nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa kuhusu kemikali za sumu zinazodumu muda mrefu, ziliingiza klopirifosi katika orodha ya kemikali za kuondolewa matumizini, ingawa misamaha ipo. Tumeiandikia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyopo hapa Arusha, kuomba mwongozo kwa ajili ya wanachama.

Kwa mwaka ujao Kamati inaomba ridhaa yenu kwa mambo mawili: vipimo vya mwanzo kwa wapiga dawa wa mboga kabla msimu haujafunguliwa, na daftari la kazi kwa kila mwanachama, lenye tarehe, jina la dawa, shamba na dalili. Mwanachama atakayedai fidia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi atalazimika kuonyesha kwamba ugonjwa wake umetokana na kazi, na bila kumbukumbu hiyo atakuwa na maneno matupu. Madaftari yameshachapishwa na yatagawiwa na katibu baada ya kikao hiki, pamoja na fomu ya ridhaa ya kupimwa, ambayo kila mmoja aisome nyumbani kabla ya kuitia saini.