Mawakala wa bima, pigeni hesabu kabla ya kongamano

Mhariri,

Wakala wa bima wa Mbeya anayealikwa Dar es Salaam kwenye kongamano la kutafuta wateja ajumlishe kiingilio, nauli na malazi, kisha agawanye kwa kamisheni ya bima moja. Gharama ikiwa Sh600,000 na kamisheni Sh30,000, anahitaji wateja wapya 20 ili arudishe fedha yake tu.

Orodha za namba za simu asinunue kabisa. Huuzwa kwa mawakala wengi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inabana utoaji wa taarifa za mtu bila ridhaa yake.

Aende kama atafundishwa kufuatilia wateja. Hapo ndipo tunapopwaya: malori ya Tunduma na daladala za Mwanjelwa bima zake zina tarehe ya kuisha, lakini wakala hupiga simu mwenye gari keshakata kwingine. Apige wiki tatu kabla.

Msomaji, Mbeya