Mada ya baraza la Ijumaa

Assalaam alaykum, ndugu wanakikundi.

Ijumaa baada ya swala ya Isha tutakutana barazani, Mji wa Kale, kujadili jinsi nchi zinavyompata rais. Katiba yetu ya Kenya ya 2010 humtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24, ilhali nchini Marekani uamuzi huwa mikononi mwa wajumbe 538 wanaochaguliwa jimbo kwa jimbo ili wampigie rais kura, na ndiyo sababu mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura nyingi za wananchi kuliko Donald Trump na bado akashindwa. Mimi naona sharti letu lina busara zaidi, kwani humsukuma mgombea afike hata Lamu, penye wapiga kura wachache; anayepinga aje na hoja, si ushabiki wa vyama.

Kahawa ipo, kaimati tuchange.