Mwanangu, Jasho Lako Linaingia Mfuko wa Nani?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Ule mstari wa mwisho, "Nifanye kazi zaidi ya hapa, nife?", haujibiki kwa maneno mawili ya simu, ndiyo maana nimekaa nikuandikie. Unataka kujua kama tulikudanganya tulipokuwa tukikwambia tangu utotoni kwamba ukijituma utafanikiwa. Hatukukudanganya. Ila mtoto huambiwa nusu ya habari. Nusu iliyobaki huisikia akishaanza kupokea mshahara, na wewe sasa umefika hapo.

Mchumia juani hulia kivulini, wanasema wahenga, wala sina ugomvi nao. Lakini methali hiyo haisemi kivuli ni cha nani. Mtu anaweza kuchuma juani miaka yote ya ujana wake, kivulini akakaa mwingine, na kati yao wawili asiwepo hata mmoja aliyevunja sheria.

Nikupe mfano wa Johannes Gutenberg, yule Mjerumani unayemfahamu kwa mashine yake ya kuchapa vitabu. Huyo hakuna wa kumwita mvivu. Alihangaika miaka na miaka kutengeneza herufi za chuma, wino wa kuzishika herufi hizo, na mashine ya kukandamiza karatasi. Fedha hakuwa nazo, akakopa kwa Johann Fust, mtu mwenye fedha, gilda 800 (sarafu za dhahabu za wakati ule), na vifaa vyenyewe vikawekwa rehani. Baadaye akachukua tena gilda 800. Kazi ya kuchapa Biblia ikawa ndiyo inafika ukingoni, na mauzo yakaribia, ndipo mwaka 1455 Fust akaenda mahakamani kudai fedha zake pamoja na riba. Akashinda. Karakana ikaenda kwake. Tena Peter Schöffer, fundi aliyekuwa akifanya kazi kwa Gutenberg, akahamia upande wa Fust, na baadaye akamwoa binti yake! Mwaka 1457 kilipotoka kitabu cha Zaburi kilichopendeza kuliko vyote vya wakati ule, majina yaliyochapwa ndani yake yalikuwa ya Fust na Schöffer.

Sikusimulii haya ili umchukie Fust. Alitoa fedha zake, wakaandikishana, akadai kilichoandikwa. Ninachotaka ukione ni kwamba siku ile mahakamani hakuna aliyeuliza nani alikesha zaidi. Kilichosomwa ni mkataba.

Charles Goodyear naye, Mmarekani aliyegundua namna ya kuupika mpira pamoja na salfa ili usiyeyuke kwa joto wala kukatika kwa baridi, alifungwa kwa madeni zaidi ya mara moja. Hataza ya Marekani, yaani haki ya kisheria juu ya ugunduzi wake, aliipata mwaka 1844, lakini Uingereza Thomas Hancock alikuwa ameshamtangulia kuiomba. Goodyear alifariki mwaka 1860 akiwa amezama kwenye madeni. Ile kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1898, na familia yake haikuwa na sehemu ndani yake. Jina walilitumia tu, kwa heshima.

Sasa turudi kwako. Unalipwa kwa saa, na saa zina mwisho. Ukiongeza mbili usiku, unazitoa kwenye usingizi. Ukiongeza nyingine mbili, unazitoa kwenye afya, na afya ikidai inadai kwa pamoja. Kwa hiyo bidii yako, hata iwe kubwa namna gani, inagonga dari. Wanaolipita dari hilo wana kitu kinachozalisha hata wao wakiwa wamelala: hisa, nyumba ya kupangisha, biashara yenye watu wengine ndani, kazi ya ubunifu inayolipwa kila inapotumika. Au wana ujuzi adimu kiasi kwamba saa yao moja inanunuliwa kwa bei ya saa zako kumi. Huo ujuzi adimu ndio mahali ambapo bidii inalipa sawasawa, kwa maoni yangu. Bidii ya kurudia kitu kile kile ulichokijua mwaka wa kwanza humfurahisha zaidi mwajiri.

Kuna hesabu moja ningependa uishike kichwani. Chukua 72, gawanya kwa asilimia ya riba, utapata takriban miaka ambayo fedha huchukua kuongezeka mara mbili. Akiba inayokua kwa asilimia 8 kwa mwaka hujizidisha mara mbili kwa miaka 9, mradi usiiguse. Deni la asilimia 24 usipolilipa linakuwa mara mbili kwa miaka 3. Na bei za vitu zikipanda asilimia 6 kila mwaka, fedha uliyoifungia kabatini inabaki na nusu ya nguvu yake baada ya miaka 12. Hesabu ni ile ile, inategemea tu umesimama upande gani. Watu wawili wenye mshahara mmoja na bidii moja, mmoja analipa riba na mwenzake anapokea, baada ya miaka 20 hutaamini walianza pamoja.

Warren Buffett, yule mwekezaji tajiri wa Marekani, alizaliwa mwaka 1930 na alinunua hisa zake za kwanza akiwa na umri wa miaka 11. Sehemu kubwa mno ya utajiri wake ilikuja akiwa ameshapita miaka 60. Alifanya kazi, ndiyo, tena sana. Lakini alizipa fedha zake muda, na mwenyewe amekiri hadharani mara nyingi kwamba kuzaliwa Marekani wakati ule ilikuwa bahati. Namheshimu kwa kulisema hilo. Wengi wakishapata husahau mlango uliofunguliwa na mtu mwingine, wakabaki kuhubiri kuhusu kuamka alfajiri. Hao wasikize, lakini wasikutie aibu. Aliyezaliwa kwenye amani, shule nzuri na wazazi wasio na madeni ameanza mbio akiwa katikati ya uwanja. Ndiyo maana sitaki kukusikia ukisema fulani ni maskini kwa sababu ya uvivu. Humjui.

Kujituma usiache, maana hata Gutenberg bila kazi yake kusingekuwa na cha kugombania. Ninachokuomba ni kwamba kila mwezi, kabla matumizi hayajaanza, kiasi fulani kiende kwenye kitu chenye jina lako. Kiwe kidogo, lakini kisikose. Kama una deni la riba kubwa, lianze kulipwa kabla ya mengine yote. Na zile saa mbili za usiku unazomwongezea mwajiri, moja irudishe kwenye masomo uliyoyaacha.

Umeniambia pia kuna kazi mpya na kwamba wanataka usaini haraka. Usisaini siku hiyo hiyo. Omba wakupe karatasi ukalale nazo, kisha nipigie unisomee kipengele kwa kipengele, hasa kile kinachosema kazi utakayoibuni itakuwa mali ya nani. Wakikataa kukupa, nipigie pia.

Nakupenda sana.

Baba yako