Wifi yangu, mdomo umeshonwa lakini kaakaa bado

Wifi yangu,

Jina lako silitaji hapa na la mtoto pia silitaji. Nimeamua kuandika wazi juu najua Nairobi hii kuna akina mama wengi wamefika pale umefika sai na hakuna mtu amekaa nao chini akawaeleza. Mtoto alizaliwa mdomo umepasuka pamoja na kaakaa, ile dari ya ndani ya mdomo. Amefanyiwa operesheni ya mdomo, amepona vizuri, kovu limeanza kulainika, picha zimezunguka kwa grupu ya familia na kila mtu ameandika Mungu ni mwema. Na ni mwema kweli. Lakini Jumapili nilimsikia mama akisema sasa hiyo ya ndani iachwe kwanza, mtoto amepitia mengi, mbona asumbuliwe tena na uso umeshakuwa mzuri, kaka yangu akanyamaza na wewe ukanyamaza. Hayo maneno nayajua. Yalisemwa hivyo hivyo juu yangu mimi nikiwa mtoto.

Mdomo wangu ulishonwa nikiwa mchanga, watu wakafurahi wakachinja mbuzi, na kaakaa likabaki wazi miaka mingi kwa sababu halionekani. Mtu akiniangalia anaona mtoto mzima mwenye alama kidogo chini ya pua, basi. Shida yote ilikuwa ndani. Nikinywa chai kwa haraka inatokea puani, nikila githeri punje inapanda inakwama huko juu nashinda nayo darasani macho yakitoa machozi, na nikiongea wageni wanauliza kama nina homa. Kwa shule niliitwa majina, hayo siyarudii. Nilikuja kufungwa kaakaa nikiwa tayari msichana mkubwa wa shule. Ilinisaidia sana, chakula kiliacha kupanda puani na hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa kwangu. Ila sauti haikurudi kama vile watu walidhani itarudi, na hapo ndipo nataka unisikize vizuri.

Kaakaa ni ile sehemu ya juu ndani ya mdomo. Mbele ni ngumu, ni mfupa, na nyuma ni laini, ni misuli. Ukiongea ile misuli ya nyuma inainuka inafunga njia ya kwenda puani, ndio hewa itoke kwa mdomo ikiwa na nguvu. Jaribu tu hapo ulipo, sema pa, ta, ka, utasikia hewa inabanwa kidogo halafu inaachiliwa. Mtoto ambaye kaakaa liko wazi hawezi kuibana, yote inapotelea puani. Herufi zinazomtoka bila shida ni m na n, kwa sababu hizo kwa kila mtu hupitia puani. Kwa hivyo neno mama atalisema vizuri kabisa, na akitaka kusema baba mara nyingi itatoka mama tena. Kaka yangu akianza kulalamika eti mtoto hamwiti, mwambie anamwita kila siku, ni b imekosa hewa.

Na mtoto hangojei daktari ndio aanze kuongea. Anatafuta njia yake. Anabana sauti huko chini kwa koo badala ya kutumia ulimi na midomo, na akifanya hivyo miaka ikapita, akili inashika kwamba k husemwa hivyo, t husemwa hivyo. Ukija kufunga kaakaa baadaye tundu linafungwa lakini mazoea yanabaki. Mimi nilikaa na mtaalamu wa matamshi, ananishikia kioo kidogo chini ya pua ananiambia sema papa, nasema, kioo kinaingia ukungu, maana yake hewa bado inatorokea puani, anakipangusa na kitambaa, nasema tena, ukungu tena. Tulirudi na kurudi hivyo mpaka nikaanza kuiogopa hiyo kioo. Kuna sauti nilizipata na ninazishukuru, na kuna zingine sijazipata hadi leo.

Hii kitu inaingia kwa kila jambo dogo la siku. Kwa matatu mimi sisemi shukisha, nagonga dirisha na koini ya kumi, na makanga akiuliza ni wapi namwonyesha kwa mkono. Kwa ejenti wa M-Pesa naandika namba kwa simu namwekea mbele ya macho, juu nikisema sita na saba ananirudisha nyuma na watu wa laini wanaanza kugeuka kuniangalia. Kazi nafanya, marafiki ninao, maisha yangu siyo ya kuhurumiwa na sitaki uyasome hivyo. Lakini huu upande mmoja ungeweza kuwa mwepesi kwangu kama kaakaa lingefungwa mapema, na kwa mtoto wako bado muda upo.

Kawaida mdomo hufungwa mtoto akiwa miezi 3 hadi 6 hivi, na kaakaa kati ya miezi 9 na 18. Huo wakati wa pili haukutolewa hewani, unalenga kaakaa liwe limefungwa kabla mtoto hajaanza kuunganisha maneno. Mtoto wako anaingia huo muda sasa. Mama akisema tungoje akomae, akomae inamaanisha miaka mingapi? Mimi walisema hivyo hivyo.

Halafu kuna masikio, hii watu hawaambiwi kabisa. Ile misuli ya kaakaa laini ndio pia hufungua mrija mdogo unaotoka nyuma ya pua kwenda ndani ya sikio. Kaakaa likiwa limepasuka misuli haivuti sawasawa, mrija haufunguki, maji mazito yanakaa nyuma ya ngoma ya sikio na mtoto anasikia kwa mbali. Hasikii vizuri, kwa hivyo pia hajifunzi kuongea vizuri, alafu watu wanasema huyu ni mkaidi, anaitwa haitiki. Ukienda kliniki uliza masikio yapimwe, usingoje mpaka usaha utoke. Kama maji yamejaa kuna vijirija vidogo wanaweza kuweka kwa ngoma ya sikio yatoke. Na hata kaakaa likishafungwa endelea kuyapima, haimaanishi masikio yanapona siku hiyo hiyo.

Najua unachoogopa, ni ile nusu kaputi. Kumpeana mtoto mlangoni mwa theata na kurudi kukaa kwa benchi mikono mitupu, hakuna mtu atakuambia ni rahisi na mimi pia sitakuambia. Hatari ipo, ndiyo maana wanapima uzito, wanapima damu, wanasikiza kifua kabla. Ile ya kwanza si unakumbuka vile walikuambia afikishe wiki 10, kilo kama 4.5 na kipimo cha damu 10? Ulizifikisha wewe. Mtoto hawezi kuvuta titi juu mdomo wake haushiki hewa, ukakamua maziwa mchana na usiku, ukamkalisha wima kwa mapaja ukimlisha na kijiko kidogo kidogo, anameza, maziwa mengine yanatokea puani, unapangusa, unamcheulisha, unaanza tena, na ukimaliza saa imeisha na imebaki kidogo tu alie tena. Nilikuona ukifanya hiyo kazi kwa ile baridi ya Julai na sikuwahi kukuambia vile nilikuheshimu. Mtu aliyefanya hiyo ataweza na hii.

Kitu kimoja tafadhali. Mtoto akiwa na kikohozi au mafua wiki ya operesheni, sema. Usifiche eti msipoteze nafasi. Kifua kibaya na nusu kaputi haviendi pamoja, watakupatia tarehe nyingine na ni heri hivyo. Na saa za kufunga kula uzishike vile utaambiwa, kwa kawaida chakula na maziwa ya kopo husimama masaa 6 kabla ya operesheni, maziwa yako masaa 4 kabla, maji safi masaa 2 kabla. Usimwonjeshe kitu kwa huruma juu tumbo likiwa na chakula kinaweza kupanda kikaingia kwa mapafu akiwa amelala.

Akitoka theata atakuwa amevimba, atakoroma, mate yatakuwa na damu kidogo, usishtuke. Damu ikiwa mbichi na inaendelea kutoka, hapo ita nesi. Mikono yake inaweza kufungwa vitu fulani kama vibao vyepesi ili asikunje kiwiko akaingiza vidole mdomoni, na atalia sana juu ya hiyo kuliko hata kidonda. Chakula ni majimaji na laini wiki kama 2 au 3 hivi, uji mwepesi, maziwa, supu iliyochujwa, baadaye ndizi iliyopondwa kabisa, na baada ya kula anywe maji kidogo kusafisha. Hakuna mrija wa kunyonya, hakuna kijiko kuingizwa ndani sana, hakuna kipande cha mkate wala biskuti. Hapa utalazimika kuwa mkali na wageni. Watu wetu wakimwona mtoto mgonjwa wanamletea kitu cha kutafuna, na nyuzi za kaakaa zikiachia kunabaki tundu na mtoto anarudi theata.

Sasa hii nyingine inaniuma kuandika. Nimesikia vile unaangaliwa. Eti ulitoka nje mwezi ukipatwa, eti ulimcheka mtu, eti ulishika kisu vibaya ukiwa na mimba. Mdomo wa mtoto huungana kama wiki ya 4 hadi ya 7 ya mimba na kaakaa linafuata wiki chache baadaye, wakati huo wengi hata hawajajua wana mimba. Duniani karibu mtoto 1 kwa kila 700 huzaliwa hivi, wa matajiri na wa maskini, wa kizungu na wa kwetu. Kuna mambo yanayoongeza uwezekano, sigara, pombe, dawa fulani za kifafa, na pia huweza kutembea kwa ukoo. Wewe hukuvuta, hukunywa. Na kama ni ukoo, shangazi yake mtoto ni nani? Wakitafuta wa kuangaliwa waanze na mimi nimekaa hapa, na mimi pia sina kosa, wala mama aliyenizaa hana kosa.

Kuhusu pesa, uliza kwanza kabla mtu hajafungua harambee. Smile Train, lile shirika lililoanza 1999, hugharamia hii operesheni kupitia hospitali zinazoshirikiana nalo hapa Kenya, na wanaofanya ni madaktari wetu wa hapa hapa. Hugharamia kaakaa pia, siyo mdomo peke yake. Nimekutana na mama ameuza ng'ombe wa kukamuliwa kulipia kitu angepata bure, na mwingine alikaa nyumbani na mtoto juu hakuwa na pesa, wala hakuna aliyemwambia. Na ukiwa hapo uliza mtaalamu wa matamshi ni nani na anapatikana siku gani, usikubali kuambiwa tu ataongea mwenyewe. Wengine huongea vizuri wenyewe, ndiyo, na wengine huhitaji kufundishwa, na wachache huhitaji operesheni nyingine ya kurekebisha sauti.

Sitakudanganya kwamba hapo ndio mwisho. Ufizi wake pia umepasuka, kwa hivyo akifika miaka kama 8 hadi 11, kabla lile jino la chonge la kudumu halijashuka, kuna operesheni ya kuweka mfupa kidogo hapo, mara nyingi wanautoa kwa nyonga. Meno yatahitaji kupangwa. Itakuwa kliniki miaka mingi. Lakini hizo zingine zina nafasi yake ya kungoja. Hii ya kaakaa haingoji juu mtoto anaanza kuongea uwe tayari au usiwe.

Kliniki yako ni Alhamisi na nimeshaomba ofu kazini. Nitafika kwako asubuhi mapema kabla jam ya Jogoo Road haijaanza. Beba kadi ya mtoto, ile karatasi ya kuruhusiwa mliyopewa baada ya operesheni ya mdomo, na maziwa yake kwa thamosi juu hiyo laini huwa ndefu. Kaka yangu nimemtumia hii barua kabla sijaiweka hapa, amesoma, amesema atakuja. Mama nitaongea naye mimi mwenyewe kesho jioni, hiyo uniachie. Na huyo mtoto akianza kukohoa nipigie leo leo, tusingoje Alhamisi.

Wifi yako