Siku za kuandikishwa zitazame mwezi na dago

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi niseme neno kuhusu uandikishaji wa wapiga kura, hasa kwetu sisi tunaokula kwa bahari.

Mimi ni mkaazi wa Kojani, Pemba. Mume wangu ni mvuvi na wanangu wawili wa kiume ni wavuvi. Kabla ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, mdogo wao alishatimiza miaka 18 na hamu ya kura yake ya kwanza alikuwa nayo kweli. Waandikishaji walipofika shehia yetu, yeye yuko dago, yaani kambi ya wavuvi wa mbali, huko Mafia. Nilimpigia simu usiku ule ule. Akanijibu, "Mama, chombo ni cha watu, na wenzangu nitawaachia nani wavu?" Aliporudi, kituo kimeshafungwa. Siku ya kura alikaa barazani akiwatazama vijana wa rika lake wanapita na kadi mkononi.

Kuandikishwa hakuna wakili. Lazima mtu aende mwenyewe, apigwe picha na aweke alama za vidole. Kwa hiyo asiyekuwepo siku hizo chache basi tena, na anachokosa si kidogo. Mpiga kura wa Zanzibar huchagua Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na diwani, tena Rais wa Muungano na Mbunge. Kura tano zilimpita mwanangu kwa sababu alikuwa kazini.

Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar inajua wavuvi wa Kojani na Tumbe wanavyoishi. Wanatoka kwa makundi, wanafika Tanga, Mafia, hata pwani ya Kenya, na wanarudi kwa wakati unaojulikana. Idd karibu wote wako nyumbani. Wanaovua dagaa kwa taa hutoka usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, nao hubaki mjini mwao wakishona nyavu. Jee, ni vigumu gani kupanga siku za shehia za wavuvi ziangukie kwenye mbalamwezi, au wiki ya baada ya Idd? Sheha yupo, wenye vyombo wapo. Waulizwe kabla ratiba haijaandikwa. Na msimu wa karafuu pia uangaliwe, maana wapo wanaohamia kambini mashamba na watoto wao. Kama haiwezekani kurudi shehiani mara ya pili, basi Afisi ya Tume ya wilaya ibakize meza moja ya waliochelewa kwa sababu ya kazi.

Lakini nisiwatwishe Tume mzigo wote. Binti wa jirani yangu hakutoka Kojani hata siku moja, naye hakuandikishwa. Hakuwa na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na bila hicho daftari halikufungukii. Kitambulisho hakupata kwa kuwa cheti cha kuzaliwa hana; alizaliwa nyumbani, mamake akaona mambo ya karatasi yatasubiri. Yamesubiri miaka 18. Sisi wa Pemba tulishaonywa mapema kuhusu hili: mwaka 2009 uandikishaji huku ulikwama kwa mvutano wa kitambulisho hiki hiki, na waliokuwepo wanakumbuka.

Basi wazazi wenzangu, tusingoje gari la waandikishaji lipige kipaza sauti. Kwanza cheti cha kuzaliwa, na kisomwe herufi kwa herufi: jina la mtoto, la baba na la babu yalingane na ya skuli. Mwanangu mkubwa aliandikwa "Khamis" kwenye karatasi moja na "Hamisi" kwenye nyingine, tukapanda boti kwenda Wete mara nne kwa herufi moja ile. Akifika miaka 18, apelekwe kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii akaombe kitambulisho, na barua ya sheha ishughulikiwe mapema. Hapo ndipo daftari linapofuata. Waliohamia shehia nyengine nao wasisahau kuhamisha taarifa zao, wasije wakatafuta majina kwenye orodha ya kituo walichokiacha.

Najua wengi watasema uchaguzi umepita juzi tu, mwengine ni 2030. Mtoto aliyekuwa na miaka 13 wakati ule, 2030 atakuwa na 18. Wapo skuli sasa hivi, mezani mbele yetu, na wengi wao cheti hawana.

Mwanangu mdogo anaondoka tena dago wiki ijayo. Safari hii kitambulisho anacho, nimemfungia ndani ya nailoni mbili kisiingie maji ya chumvi. Na nahodha wake nimeshamwambia: tarehe zikitangazwa, nitapiga simu, na kijana arudishwe.

Wako,
Mama wa wavuvi,
Kojani, Pemba