Netsuke zina hadithi zake, msituishie kwenye bei

Mhariri naomba nafasi kidogo. Makala yenu kuhusu vinyago vidogo vya Kijapani, zile netsuke, nimeisoma yote na picha ni kali kweli, ila mmejaza bei na matajiri wanaokusanya, hadithi yenyewe hamna hata moja. Jamani, mmetuacha njiani.

Enzi za Edo kule Japani, 1603 mpaka 1868, watu walivaa kimono, lile joho lao la kufunga kwa mkanda, na kimono haina mifuko, kwahiyo mfuko wa tumbaku au kiboksi cha dawa unakining'iniza kwa kamba kwenye mkanda, halafu netsuke inakaa juu ya mkanda kuzuia kamba isichomoke. Ndo maana ukiigeuza unakuta vitundu viwili vya kamba, na haina ncha kali zisije zikanasa nguo.

Sasa ile picha ya bi kizee kaanguka, kikapu kiko wazi na mazimwi yanachomoza, nyie mmeandika "kikongwe na mizimu" basi. Ile ni hadithi ya shomoro aliyekatwa ulimi! Shomoro alikula wanga wa kukazia nguo, bi kizee kwa hasira akamkata ulimi akamfukuza, mume wake akamfuata kwa huruma, shomoro akamkirimu kisha akamwambia achague kikapu kikubwa au kidogo, mzee akabeba kidogo, kufungua nyumbani ni mali tupu. Bi kizee kusikia hivo huyoo mbio, akadai kile kikubwa, akashindwa kusubiri akakifungua njiani. Tamaa mbele mauti nyuma. Mchongaji kachagua ile ile sekunde ya kufungua, na vyote hivyo kaviingiza kwenye kipande cha mti au pembe kinachoenea kiganjani, huo ufundi ungestahili ukurasa mzima.

Na yule mliyemwita chura ni kappa, zimwi la mtoni, ana gamba kama la kobe na utosini kisahani cha maji. Nguvu zake ziko kwenye hayo maji. Ukikutana naye unamwinamia kumsalimia, na kwa vile ana adabu na yeye atainama, maji yanamwagika, kwisha habari yake. Anapenda matango balaa, na watoto wa Japani walitishiwa naye wasichezee mtoni.

Naomba ukurasa wa watoto uchukue hizi ngano moja moja kila wiki na picha ya netsuke yake pembeni, anzeni na kappa.

Msomaji wenu, Morogoro